Kitalu cha mayungiyungi Mtwara: miche mizima, majina ya kubahatisha

Mwezi wa Januari nilinunua miche miwili ya yungiyungi katika kitalu kimoja cha maua mjini Mtwara, na muuzaji akanihakikishia kwamba yote miwili ni ya buluu. Mmoja ulikuwa wa buluu kweli. Wa pili ulitoa matumba makubwa ambayo kila nilipopita kuyatazama baada ya chakula cha mchana niliyakuta yamefumba, nikaamini kwamba mche una ugonjwa, hadi usiku mmoja umeme ulipokatika nikatoka uani na tochi na kulikuta ua jeupe, kubwa kuliko kiganja changu nikikikunjua, limelala wazi juu ya maji. Halikuwa gonjwa. Lilikuwa ua la usiku, na mimi nilikuwa nikilitembelea wakati wake wa kulala.

Jina la kitalu sitalitaja, kwa sababu kosa lililonipata pale lingeweza kumpata mnunuzi popote mayungiyungi yanapouzwa kabla ya kuchanua, na kwa sababu yapo mengi waliyoyafanya vizuri. Ninachokusudia ni kueleza huduma yao kama nilivyoiona katika safari tatu, kisha kuonyesha jinsi ya kuyatenganisha mayungiyungi yetu mawili ya asili, la buluu na jeupe, ili anayekwenda kununua asitegemee neno la muuzaji peke yake.

Ninaendesha nyumba ndogo ya kulala wageni Mikindani, kama kilomita 10 kutoka Mtwara mjini. Uani kuna birika la zege lililojengwa zamani kwa ajili ya kukinga maji ya mvua; lina upana wa mita tatu na kina cha sentimita 70 hivi, na kwa miaka mingi lilikuwa halina kazi ila kuzalisha mbu. Nilitaka maua ambayo mgeni atayaona anapokunywa chai ya asubuhi, na yungiyungi la buluu ndilo lililofaa, kwa kuwa ni ua la mchana, lina harufu nzuri, na hunyanyuka juu ya maji kwa kikonyo chake badala ya kuelea. Kwa hiyo rangi kwangu haikuwa pambo tu. Rangi ndiyo iliyobeba saa za kuchanua, na saa za kuchanua ndizo nilizokuwa nikizilipia.

Kitalu chenyewe kipo kando ya barabara, chini ya miembe, na sehemu kubwa yake ni miche ya kawaida: michikichi ya mapambo, mibogenvilia, miti ya matunda iliyopandikizwa, na mikorosho michanga ya wenye mashamba. Mimea ya majini imewekwa nyuma, katika mabeseni makubwa ya plastiki na nusu pipa moja la bluu lililokatwa kwa msumeno. Maji yake yalikuwa safi, hayakuwa na utando wa kijani, na ndani walikuwamo samaki wadogo waliowekwa wale viluwiluwi. Hilo la samaki lilinifurahisha, maana nimewahi kuona vitalu ambavyo ukisogea karibu na beseni la maua unaondoka na mbu wa wiki nzima.

Kijana aliyenihudumia alikuwa na adabu na subira. Aliniamkia, nikamjibu, akanionyesha mabeseni mawili yaliyojaa majani ya duara yaliyolala juu ya maji. Hakuna mche hata mmoja uliokuwa na ua.

"Haya yote ni ya buluu, mama," alisema. "Ukiona jani la duara namna hii lenye mkato, ujue ni la buluu."

Nilimwuliza kama jeupe halina jani la duara. Akasema jeupe ni kubwa zaidi na wao hawaliuzi sana. Sikuendelea kumdodosa, na hapo ndipo nilipokosea. Mkoani kwetu hakuna mtu anayenunua gunia la korosho bila kuzipasua chache na kutazama ndani, hata kama muuzaji ni shemeji yake. Lakini mimi, niliyezaliwa na kukulia katikati ya mikorosho, nilinunua mche kwa kutazama juu ya jani tu.

Kila mche niliuziwa kwa shilingi 12,000. Kwa mche wenye majani matano na mizizi mizima sioni kuwa ni ghali. Ufungashaji ndio ninaousifu kuliko vyote: mizizi na udongo wake vilizungushiwa gunia lililoloweshwa, majani yakafunikwa kwa majani ya mgomba yenye unyevu, kisha kila mche ukawekwa ndani ya ndoo iliyokatwa. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku mwaka 2019, wauzaji wengi wa miche wamekuwa wakikukabidhi mche mkononi kama samaki, ukaukauke njiani, lakini hawa walifikiri. Nilifika Mikindani kwa bajaji na hakuna jani lililokunjika.

Ushauri wa upandaji nao ulikuwa wa kuaminika. Kijana alinitaka nitumie udongo mzito wa mfinyanzi badala ya udongo mwepesi wa bustani, ambao huelea na kuchafua maji. Nizibe juu kwa kokoto ili samaki wasichimbue. Niweke mche mahali penye jua la saa sita au zaidi kwa siku, katika maji yaliyotulia yasiyorushwa na bomba. Aliponiuliza maji yangu yanatoka wapi nikamwambia kisimani, aliniomba niyaonje kwanza, kwa kuwa visima vingi vya Mikindani vina chumvichumvi na yungiyungi ni mmea wa maji baridi. Alisema pia kwamba maji ya bomba yenye dawa yakae kwenye chombo kilicho wazi kwa siku moja kabla ya kuyatumia. Hakuna hata neno moja kati ya hayo lililonipotosha. Ajabu ni kwamba mtu anayeyajua hayo yote hakujua alikuwa ameshika mmea gani.

Sasa nieleze mimea yenyewe.

Yungiyungi la buluu ni Nymphaea nouchali, na aina yake iliyoenea barani Afrika wataalamu huiita caerulea, jina ambalo zamani lilihesabiwa kuwa la spishi inayojitegemea. Yungiyungi jeupe la usiku ni Nymphaea lotus. Ni ndugu wa jenasi moja, na wote wawili ni wenyeji wa maji ya Afrika, hawakuletwa na mtu. Ndiyo maana vidimbwi vya mabondeni vinaweza kuwa na yote mawili kwa pamoja, hasa mvua zetu za msimu mmoja zinapojaza mabonde kuanzia Desemba hadi Aprili. Maji yakikauka majani hufa, lakini kiazi chake hubaki ndani ya tope kikisubiri msimu mwingine. Maji yasipokauka, mmea huendelea kuwapo.

Baada ya usiku ule wa tochi, nilikata jani moja kutoka kila mche na kuyaweka yote mawili juu ya ukingo wa birika asubuhi, la buluu kushoto na jeupe kulia. Yalipolala kifudifudi, kama yanavyolala juu ya maji, kijana wa kitalu alistahili kusamehewa. Yote mawili yalikuwa ya duara, yote yana mkato mrefu unaofika kwenye kikonyo, yote ya kijani yenye kung'aa. Tofauti ya kwanza iliyojitokeza ni ukingo. Jani la buluu lilikuwa na ukingo uliokwenda laini, wenye mawimbi mapana yasiyo na ncha. Jani la jeupe lilikuwa na meno makali, yaliyopangwa kwa nafasi zilizokaribia kulingana kuzunguka jani zima, kiasi kwamba nilipolipitisha kidole lilikwaruza.

Nilipoyageuza, mashaka yaliyobaki yaliisha. Upande wa chini wa jani la buluu ulikuwa mtupu na mtelezo, wa kijani uliochanganyika na zambarau, na mishipa yake niliiona kwa macho lakini kidole kilipita juu yake bila kizuizi kikubwa. Upande wa chini wa jani la jeupe ulikuwa na vinyweleo vifupi vilivyoufanya uguswe kama kitambaa cha flana iliyolowa, na mishipa yake ilituna na kutoka nje kama mataruma ya jahazi lililopinduliwa ufukweni. Msichana anayenisaidia jikoni, ambaye hajawahi kusikia neno Nymphaea, nilimfunga macho kwa kanga nikampa jani moja baada ya jingine. Hakukosea hata mara moja.

Nasisitiza upande wa chini kwa sababu meno peke yake hayatoshi. Kisiwani Zanzibar, na katika pwani hii ya mashariki kwa jumla, ipo aina nyingine ya yungiyungi la buluu ambayo wataalamu huiita zanzibariensis, yenye maua makubwa ya buluu iliyokolea, na jani lake linaweza kuwa na meno. Aina hiyo imetumiwa sana na wakulima wa maua duniani kuzalisha machotara ya bustani. Mtu aliyejifunza kanuni ya "meno maana yake jeupe" atalikataa yungiyungi zuri la buluu akidhani analindwa na elimu yake. Lakini hilo nalo, ukiligeuza, halina flana ile ya chini.

Liko pia tatizo la umri. Majani ya kwanza ya yungiyungi jeupe, yale yanayokaa ndani ya maji kabla ya mche kupandisha majani ya kuelea, mara nyingi huwa na mabaka mekundu au ya zambarau na meno yake huwa hayajakomaa. Mche wa namna hiyo si rahisi kuutambua, na muuzaji mkweli anapaswa kukuambia kwamba bado haujajulikana. Nilichouziwa mimi kilikuwa na majani matano ya kuelea, yaliyokomaa, kwa hiyo udhuru wa umri haukuwapo.

Ua likishafunuka, kazi ni nyepesi, ingawa rangi si ushahidi ninaoutegemea wa kwanza. Buluu hupauka kadiri ua linavyozeeka, na jeupe huweza kuwa na wekundu hafifu. Afadhali kutazama katikati. Stameni za yungiyungi la buluu, yaani vile vijiti vya katikati ya ua vinavyobeba chavua, zina kikia kidogo kinachovuka kifuko cha chavua, chenye buluu ileile ya petali, kwa hiyo ukilitazama ua kutoka juu unaona kama miali ya njano iliyochovywa wino nchani. Stameni za jeupe hazina kikia hicho. Ni njano hadi mwisho. Kisha tazama sepali, yale majani manne ya nje yanayolifunika tumba. Za jeupe zina mishipa iliyojichora waziwazi kwa urefu. Za buluu hazina mistari hiyo bali huwa na vidoadoa na michirizi midogo ya rangi nyeusi au zambarau juu ya kijani. Sepali zina faida moja kwa mnunuzi: zinasomeka hata tumba likiwa limefumba, saa yoyote ya siku.

Petali nazo zina maumbo tofauti, za buluu zikichongoka na za jeupe zikiwa na ncha butu zaidi. Wamisri wa kale, waliokuwa na mayungiyungi haya haya mawili katika Mto Nile, walizichora tofauti hizo katika makaburi na mahekalu yao kwa uangalifu hata leo mtu huweza kutambua ni lipi walilolikusudia bila msaada wa rangi. Nilipolisoma hilo nililionea haya birika langu kidogo.

Saa za kuchanua ndizo zilizonipotezea wiki mbili. Yungiyungi la buluu hufunuka asubuhi, kwangu ni kati ya saa mbili na saa tatu, na hufumba alasiri. Jeupe hufunuka baada ya magharibi, hubaki wazi usiku kucha, na hufumba siku ya pili yake kati ya saa nne na saa tano asubuhi, mapema zaidi kukiwa na jua kali. Ua moja hurudia mwendo huo kwa siku tatu au nne kabla ya kuzama. Kuna basi saa moja au mbili za asubuhi ambapo yote mawili huwa wazi pamoja, na nadhani hapo ndipo mkanganyiko wa kitalu ulipoanzia: anayewapelekea miche huichimba asubuhi hiyo, akaona maua yote yako wazi, akahitimisha kuwa ni mmea mmoja wenye rangi mbili.

Niseme kwa kupita kwamba ua la buluu lina hila yake. Siku ya kwanza linapofunuka huwa na kijibirika cha umajimaji katikati, na nyuki anayeteleza humo akiwa na chavua ya ua jingine mgongoni huoga, huiacha chavua, na wakati mwingine hatoki. Chavua ya ua lenyewe huanza kutolewa siku inayofuata, kijibirika kikiwa kimekwisha kukauka. Wageni wawili wameniletea malalamiko kuhusu nyuki waliokufa mauani, nami sina la kuwafanyia.

Nilirudi kitaluni mwezi wa Februari nikiwa na jani moja la kila aina ndani ya beseni dogo lenye maji. Safari hii alikuwapo mwenye kitalu mwenyewe, mama wa makamo aliyekuwa akipalilia vijungu vya miche ya michungwa.

"Dada, hili ulilouziwa ni yungiyungi, na hili ni yungiyungi," alisema kabla sijamaliza kueleza. "Kosa liko wapi?"

Nilimpa yote mawili ayageuze. Aliyapapasa kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, akamwita kijana wake naye ayapapase, kisha wote watatu tukainama juu ya mabeseni na kuanza kugeuza majani. Katika beseni lililoandikwa "buluu" tulikuta miche tisa, na kati yake minne ilikuwa ya jeupe. Mama yule hakubishana. Alinipa mche mwingine wa buluu bila malipo, na alisema mche mweupe nibaki nao. Nauli ya bajaji ya kwenda na kurudi alikataa kuirudisha, akidai kwamba mche wa bure unaigharimia, na ingawa hesabu ilikuwa upande wake, nilitamani angalau aitaje kama hasara yangu. Kwa jumla, nimewahi kutendewa vibaya zaidi na maduka yenye risiti za mashine.

Lawama yangu kubwa ipo kwenye picha. Juu ya mabeseni kulikuwa na karatasi iliyochapishwa kutoka intaneti, yenye ua la waridi lililosimama juu ya kikonyo kirefu, na chini yake imeandikwa "lotasi". Ua lile si yungiyungi letu la rangi yoyote. Ni mlotasi wa Asia, Nelumbo nucifera, ambao jani lake ni duara kamili lisilo na mkato, hunyanyuka juu ya maji kama mwavuli uliogeuzwa, na tunda lake lina matundu kama kichwa cha bomba la mvua la bafuni. Mkanganyiko huo ni wa zamani. Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden, alipoliita jeupe la Misri Nymphaea lotus mwaka 1753, aliuweka mlotasi wa Asia katika jenasi hiyohiyo. Baadaye ilibainika kwamba hata si wa ukoo mmoja na mayungiyungi. Lakini kosa la zamani si ruhusa ya kumwonyesha mteja wa leo picha ya mmea usiouzwa. Nilimwambia mwenye kitalu aiondoe. Aliniambia kwamba picha hiyo ndiyo inayowavutia watu. Safari yangu ya tatu niliikuta bado ipo.

Jambo jingine linalonisumbua ni mahali miche inapotoka. Nilipouliza, niliambiwa kwamba vijana huileta kutoka vidimbwi vya bonde la Mto Lukuledi, upande wa Lindi. Yungiyungi si mmea adimu, na sidai kwamba miche tisa itakausha bonde. Hata hivyo, mmea unaoweza kuzalishwa ndani ya beseni hauna sababu ya kuchimbwa porini kila wiki. Kiazi kinaweza kutenganishwa na vichipukizi vyake, na mbegu nazo zinapatikana: ua likishachavushwa, kikonyo hulivuta chini ya maji, tunda huivia humo, na likipasuka mbegu huelea juu kwa muda zikiwa na kifuko chepesi kabla ya kuzama. Anayetaka mbegu hulifunga tunda kwa kipande cha chachi lisipasuke bila yeye kujua. Kitalu kinachozalisha miche yake mwenyewe kingepata faida nyingine pia, kwa sababu kingejua kwa yakini mama wa kila mche, na kibao chake kisingekuwa cha kubahatisha.

Kwa anayekwenda kununua, nashauri aende asubuhi kabla ya saa nne, wakati yungiyungi la mchana limeshaamka na la usiku halijafumba, na kama beseni lina ua hata moja, atazame stameni. Kama hakuna ua, aombe jani kubwa la kuelea, aligeuze, apitishe kidole. Asinunue katika miezi ya kiangazi viazi vitupu visivyo na majani, hata akipunguziwa bei, isipokuwa kama rangi kwake si kitu. Na kama muuzaji anakataa majani yake yasigeuzwe kwa hofu ya kuchanika, ajue kwamba jani la yungiyungi ni gumu kuliko linavyoonekana. Ukilishika karibu na kikonyo na kuliinua taratibu halipati dhara.

Mche wangu mweupe sijautoa. Niliuhamishia upande wa pili wa birika, karibu na kibaraza ambapo wageni hukaa baada ya chakula cha usiku, na sasa wapo wanaouliza kwa nini maua ya asubuhi si yale waliyoyaona jana usiku. Umekua kuliko mwenzake. Majani yake yametanda karibu theluthi ya birika, na nalazimika kuyapunguza kila baada ya wiki mbili ili la buluu lipate jua. Anayekusudia kupanda yote mawili pamoja katika birika dogo afikirie hilo mapema, kwa sababu kitaluni hawatamwambia.

Kwa afya ya miche, ufungashaji na ushauri wa upandaji, kitalu hiki nakipa nyota nne kati ya tano. Kwa ukweli wa majina, nilikipa moja mwezi wa Januari, na sasa nakipa mbili na nusu. Nilipopita wiki iliyopita, beseni la kwanza lilikuwa na kibao kipya kilichoandikwa kwa mkono, "la mchana", na la pili "la usiku", na majani niliyoyageuza katika kila moja yalikubaliana na kibao chake. Beseni la tatu, lenye miche midogo, halikuwa na kibao. Nilimwuliza kijana hilo ni la aina gani.

"Bado hatujui, mama," alisema. "Majani yake hayajafika ya kugeuza."